Maana Mia Moja Arobaini na Tatu

Kaka yangu ana daftari la kurasa mia mbili, na ndani yake mna neno moja tu. Neno lenyewe ni la Kiingereza, "run". Kila ukurasa alioujaza una maana mbili tatu zilizoandikwa kwa kalamu ya buluu, na chini ya kila maana kuna mfano kwa kalamu nyekundu. Pua ikitoka kamasi, ni "run". Mtu akigombea cheo, ni "run". Basi likifanya safari zake, mto ukipita bondeni, mashine ikiunguruma, sukari ikikuishia koponi, upara ukiwa wa ukoo, yote hayo wenye lugha yao wameyatupia neno hilo hilo, kama watu waliochoka kufikiri. Siku moja nilifua kitambaa chekundu pamoja na shati jeupe la mteja, nikabaki nimeshika shati la waridi mkononi na machozi yananilengalenga. Kaka akaja mbio na daftari lake. Rangi ikichuja, akaniambia kwa furaha, nayo ni "run". Kuhusu shati hakuuliza.

Mimi ni fundi cherehani. Yeye ni mkubwa wangu, tumbo moja, na kazi yake ni kuchapa barua na kuwatafsiria watu karatasi za Kiingereza. Tunakaa baraza moja, mbele ya jengo la ofisi lenye ngazi sita na bomba la maji ya mvua lililopasuka. Meza yake iko upande wa kulia na taipureta juu yake, cherehani yangu iko mbele ya meza hiyo, tunatazamana kutwa nzima. Watu wanamwita Kamusi. Mimi wananiita dada yake Kamusi, ingawa suruali zao zote nimezipunguza mimi.

Ili umwelewe huyu mtu ni lazima ujue alikotoka. Zamani alikuwa karani katika ofisi ya kusafirisha mizigo, anavaa tai. Siku moja walikuja wageni, bosi akamwita awatafsirie wafanyakazi. Mgeni mmoja alikuwa ndiye mwenye kuendesha viwanda viwili, na Kiingereza chake kilisema "run". Kaka, kwa sauti yake nzuri, akatangaza kwamba bwana huyu anakimbia viwanda viwili. Ukumbi mzima ulicheka. Bosi alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Tangu siku ile wakawa wakimwona kwenye korido wanaigiza kukimbia, na hawakuchoka, maana watu wa ofisini mzaha mmoja unawatosha mwaka. Kaka akaacha kazi. Jioni hiyo hiyo alinunua daftari.

Nasema haya si kwa kumtetea. Nasema kwa sababu mtu aliyechekwa vile hujiwekea masharti, na yake nayajua kama vipimo vya mikono yangu. Kamusi yenyewe, kitabu, ilikaa ndani ya droo imefungwa kwa kitambaa, na haikutoka mteja akiwepo. Barua aliisoma mara moja tu, akiwa amesimama, karatasi ameiinua mbele ya uso, anatafsiri papo hapo kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kurudia mstari, hapana. "Mtu akikuona unasoma mara mbili," aliniambia, "anajua hujui." Na watu walipenda. Walikuwa wanasimama kumsikiliza hata wasio na barua. Likitokea lile neno lake, basi tena, aliiteremsha karatasi kidogo, akakohoa, akaanza kuwamwagia maana zake. Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo, lakini sitadanganya, nilikuwa najivunia pia.

Mtu wa tatu barazani alikuwa Mzee Soli, fundi viatu. Alihamia pale miaka mitatu nyuma, akaweka kisanduku chake chini ya ngazi, kati yangu na dada anayeuza vocha. Alipokuja, macho yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Sura zetu hakuwahi kuziona vizuri, alitujua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Alikuwa mcheshi. Mtu akimletea kiatu kilichochakaa kupita kiasi, alikipapasa, akauliza, "Huyu marehemu tunamzika lini?" Lakini mwaka wa pili nikaanza kuona vidole vyake vina damu. Sindano ya viatu si mchezo, na yeye alikuwa anaitafuta ngozi kwa ncha ya kidole kabla ya kuichoma. Mtoto wa jicho, walimwambia, macho yote mawili. Ukizidi, kazi basi. Na Mzee Soli hakuwa na mtu nyuma yake wala mbele yake. Alikuwa na ile kazi.

Basi walikuja madaktari wa macho kutoka nje, wanaopita mara moja kwa mwaka. Mzee aliandikishwa, na barua ikamfikia imeandikwa kwa Kiingereza, maana wenyewe hawakujua lugha nyingine. Akaileta mezani kwa kaka ameishika kwa mikono miwili.

Ilikuwa saa nne asubuhi, baraza limejaa. Kaka akasimama, akaiinua karatasi. "Mpendwa mgonjwa," akaanza, na akaenda vizuri kabisa. Jina la hospitali, jengo la macho, njoo na barua hii, njoo na mtu wa kukushika mkono. Kisha akafika mahali palipoandikwa kwamba kliniki hiyo "will run" kwa siku nne, Jumatatu mpaka Alhamisi. Nikaona shingo yake inanyooka. Akateremsha karatasi.

"Hapa sasa," akasema, "asiyejua angewaambia kliniki itakimbia."

Watu wakacheka. Dada wa vocha akapiga makofi. Kaka akawapa maana kumi, akawapa ishirini, akawapa ile ya rangi kuchuja akaninyooshea mimi kidole, akawaambia zote ziko mia moja arobaini na tatu na bado anatafuta. Jamaa mmoja aliyekuja kwa suruali yake akasema huyu bwana angezaliwa kwingine angekuwa profesa. Kaka akainua tena karatasi, akamalizia mstari wa mwisho: upasuaji wako ni Alhamisi, tarehe kumi na tano, saa mbili asubuhi. Akaikunja, akampa mzee.

Sasa nisikilize vizuri. Kaka alikuwa amesimama akinitazama, mimi nimekaa mbele yake. Kwa hiyo alipokuwa anasoma uso wa karatasi, mgongo wa karatasi hiyo ulikuwa unanitazama mimi. Na mgongo ule ulikuwa na maandishi. Ulikuwa na mistari mitano sita, kisanduku, na ndani ya kisanduku tarehe iliyozungushiwa wino. Kiingereza sijui, lakini namba nazijua, namba ndiyo kazi yangu. Ilikuwa kumi na nne. Niliiona kumi na nne kwa macho yangu mawili mazima, huku nikimsikia kaka anasema kumi na tano.

Na fundi nguo yeyote atakwambia, kitu cha kwanza unachofanya na kitambaa ni kukigeuza.

Nilifungua mdomo. Halafu nikakumbuka kwamba juzi yake tu nilimwambia kaka mbele ya mteja kuwa amekosea jina la mtaa, akanijibu, "Wewe shona." Watu wakacheka, na kile kicheko kilikuwa bado kimenikaa kooni. Nikafunga mdomo. Nikajiambia ameona, yeye si ndiye msomi? Na chini kabisa ya hapo, mahali nisipopenda kupatazama, nilijiambia kama hajaona ni vizuri, aumbuke kidogo. Kidogo tu. Nikakata uzi kwa meno, nikashona.

Alhamisi mzee alikwenda, ameshikwa mkono na dada wa vocha. Ilipofika saa sita nikawaona wanarudi. Kutoka mbali nilijua, maana mtu aliyepasuliwa jicho harudi siku hiyo anatembea haraka vile.

"Wamenirudisha," akasema Mzee Soli. "Muuguzi anasema nilitakiwa nifike jana nipimwe jicho. Asiyepimwa hapasuliwi. Na leo ndiyo siku yao ya mwisho, wanafunga mizigo. Mpaka mwaka kesho." Akatoa barua mfukoni. "Anasema imeandikwa humu. Mwalimu, hebu nitazamie, imeandikwa wapi?"

Kaka akaipokea. Akaitazama mbele. Kisha akaigeuza, na nikamwona anavyoona. Masikio yalimbadilika rangi. Baraza lilikuwa limejaa tena, na yule jamaa wa profesa alikuwepo, amekuja kuchukua suruali.

"Haikusema, mzee," kaka akasema. "Hayo wameyaongeza wenyewe. Unawajua watu wa maofisini."

Mia moja arobaini na tatu, na siku ile ikamtosha ile moja wanayofundishwa watoto wa shule: kukimbia.

"Nilijua tu," akasema mzee. "Waongo wakubwa." Akarudi kwenye kisanduku chake, akapapasa nyundo.

Ninakaa na kaka nyumba moja tangu mkewe alipofariki. Jioni ile nilimpakulia chakula, nikakaa upande wa pili wa meza.

"Kaka," nikasema, "mimi niliiona kumi na nne. Siku ile ile ulipokuwa unasoma."

Akaweka kijiko chini. "Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukugeuza?"

Tulikula mpaka tukamaliza, tukaosha vyombo, na jambo lile hatukulitaja tena. Nilikuwa nategemea atakwenda kumwambia mzee kesho yake. Naamini na yeye alikuwa anategemea nitakwenda mimi. Tukawa kila mmoja anamtegea mwenzake, miezi inapita.

Aibu ni kitu cha ajabu, inamfanya mtu awe mwema kwa njia ya kuchukiza. Kaka alianza kumtungia mzee sindano. Kila asubuhi kabla ya kufungua taipureta alichuchumaa pale kwenye kisanduku, akapaka uzi nta, akatunga sindano tatu, akazichomeka kwenye kipande cha sponji. Mzee Soli alimsifu kwa kila mtu. "Huyu Kamusi ana utu," alisema. "Ameniona sioni, hajaniacha." Kaka alikuwa anasimama pale anazipokea sifa zile, uso umemshuka, na mzee asiyeona uso alidhani ni unyenyekevu. Mimi nilikuwa namletea chai. Naye alinishukuru, akaniombea dua, na kila dua ilinichoma kuliko tusi.

Macho yalikwenda yakiisha. Mwezi wa tano alishona kiatu cheusi cha mwanafunzi kwa uzi wa kahawia, mama wa mtoto akakirudisha akakitupa chini. "Nimemtilia pambo," mzee akasema, akacheka peke yake. Mwezi wa nane alipigilia msumari mmoja ukatokeza ndani ya kisigino, mteja akarudi anachechemea. Wateja wakaanza kupita na viatu vyao mkononi kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Mzee alivisikia vishindo vyao vikipita. Alikuwa anaviita kwa jina la kiatu, "Wewe raba, salama?" na raba haijibu.

Na hadithi yake alimsimulia kila aliyekaa kusubiri. Kwamba hospitali ile ina muuguzi mwongo, mwanamke mwenye sauti nyembamba, amemnyima macho kwa roho mbaya. "Na shahidi yangu yupo," alimalizia kila mara, "msomi wa Kiingereza." Nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie.

Mwaka ulipotimia, barua ya pili ilikuja, siku ya Jumatatu. Mzee Soli hakuileta mezani. Alimpa dada wa vocha akamwambia aitandike chini ya kisanduku chake, kinayumba.

Kaka akanyanyuka. "Mzee, si barua ya macho hiyo? Naomba nikusomee."

"Ya nini? Kwa waongo sirudi mimi."

"Huenda safari hii..."

"Huenda nini? Wewe mwenyewe ulisoma, ukasema wameongeza mambo yao. Si ulisema?"

Kaka akabaki amesimama katikati ya baraza, hana meza mbele wala kiti nyuma. "Nilisema," akajibu kwa sauti ndogo. Akarudi kukaa. Karatasi ilikuwa imekunjwa chini ya kisanduku, nusu imechomoza, upande wa nyuma ukiwa juu, na kutoka nilipokaa nilisoma namba ndani ya kile kisanduku cha kuchapwa. Ilikuwa tarehe ya Ijumaa, nikajua ndiyo siku ya kupimwa. Zilibaki siku nne.

Jumanne kaka alichapa barua tatu na zote akazirarua. Jumatano nilinyanyuka mimi, nikasimama mbele ya mzee, nikamwuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Yaani mtu mzima na mvi zangu. Alhamisi asubuhi kaka alitunga zile sindano tatu kama kawaida, lakini hakuinuka. Alibaki amechuchumaa. Watu walikuwepo, na sikumbuki ni wangapi, ninachojua ni kwamba alisubiri mpaka wawepo.

"Mzee," akasema, "barua ya mwaka jana ilikuwa na nyuma."

"Nyuma gani?"

"Nyuma ya karatasi. Iliandikwa uende tarehe kumi na nne ukapimwe. Mimi sikugeuza. Nilikuwa nawafurahisha watu, nikasahau kugeuza. Na uliporudi kuniuliza niliona, nikakudanganya. Hospitali hawakuongopa. Mimi ndiye niliyeongopa."

Nyundo ya mzee ilikuwa mkononi. Akaiweka chini taratibu, akaisogeza mpaka ikagusa ukuta.

"Kwa hiyo yule muuguzi alisema kweli," akasema.

"Alisema kweli."

"Na mimi nimemtukana mwaka mzima."

Machozi yalikuwa yanamtoka kaka waziwazi, mwanamume wa miaka hamsini na tisa, hakuyafuta. Mimi nilikuwa nimeinamia kola ya mtu. Nataka nikiri hata hili, kwamba hapo moyoni nilipumua. Nilijiona nimetua mzigo kwa mgongo wa mwingine.

Halafu Mzee Soli akageuza uso upande wangu. "Na wewe, mwanangu? Ulikuwa umekaa hapo hapo."

Ningeweza kusema sijui Kiingereza. Ilikuwa kweli, na kila mtu angeikubali.

"Niliona, mzee," nikasema. "Niliiona kumi na nne. Nilinyamaza."

Akatikisa kichwa mara moja. Hakupiga kelele, na ningempa chochote apige. Kaka akamwambia, "Kesho nitakupeleka mwenyewe, alfajiri, nitakushika mkono."

"Hapana," akasema mzee. Akapapasa hewani upande wa vocha. "Dada, nitakuomba wewe. Na barua hiyo, mpe mtu mwingine aisome. Pande zote mbili."

Akapimwa Ijumaa, akapasuliwa Jumatatu iliyofuata, jicho la kulia kwanza. Kabla ya kupasuliwa, dada wa vocha alitusimulia, mzee aliulizia yule muuguzi mwenye sauti nyembamba, akamwomba radhi mbele ya wagonjwa wote. Muuguzi hakumkumbuka hata kidogo.

Siku hizi kaka anasoma barua amekaa. Kamusi iko juu ya meza, wazi, na anasoma mara mbili, mbele na nyuma, anapitisha kidole. Wateja wanasema amezeeka, amekuwa mzito. Wasio na barua hawasimami tena kusikiliza. Daftari lipo nyumbani juu ya kabati, na maana bado ni mia moja arobaini na tatu.

Mzee Soli alirudi barazani baada ya wiki tatu, amevaa miwani myeusi. Alikaa kwenye kisanduku chake, akatusalimia wote kwa adabu, kila mmoja na salamu yake. Kaka alikuwa ameshamtayarishia sindano tatu kwenye sponji, kwa mazoea au kwa kitu kingine. Mzee akaitoa moja. Akauvuta uzi aliotunga kaka mpaka ukatoka wote, akauweka pembeni. Akapaka nta uzi mwingine, akavua miwani, akaisogeza sindano karibu na lile jicho jipya, na akatunga. Mara ya kwanza tu.

Kisha akainua kichwa. Akamtazama kaka, hakuwa na haraka, kuanzia paji la uso mpaka kidevu. Akanitazama na mimi vivyo hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza anatuona sura zetu.

"Kumbe ndivyo mlivyo," akasema.

Hakusema kwa hasira. Akainama akaanza kiatu. Kaka aliingiza karatasi kwenye taipureta, akaitoa, akaiingiza tena. Mimi nilikanyaga cherehani haraka haraka, bila kitambaa chini ya sindano, ili nionekane nina kazi.